Kutu Mguuni mwa Papa Kabeya

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa neno moja, kutu, nami nililisema kwa fahari siku ya kwanza kabisa.

Nilikuwa mkalimani katika kliniki ya mifupa hapa Johannesburg. Hakuna shule iliyonifundisha. Nilijifunza kwa kamusi tatu na daftari la istilahi nililolinakili upya kila ukurasa ulipochafuka. Mgonjwa wangu alikuwa Papa Kabeya, mchomeleaji wa Jeppestown kutoka Lubumbashi, aliyevunjika muundi na kuwekewa bamba la chuma la kushikilia mfupa. Daktari Mkuu wa kliniki alimwandikia vitamini C na E. Alieleza kwa Kiingereza kwamba C husaidia mwili kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazobeba mfupa mpya, na kwamba zote mbili huzuia oksidisho, uharibifu wa seli unaoweza kuchelewesha kupona.

Oksidisho. Daftari langu lilisema: kushika kutu.

"Papa," nikasema, "hizi ni dawa za kuzuia kutu mguuni."

Papa akautazama mguu wake, kisha akaitikia kwa kichwa. Nikadhani ameelewa.

Baada ya wiki tatu mkewe, Mama Nadine, alimleta mguu ukiwa ndani ya mifuko minne ya plastiki. "Haoge," alisema. "Anasema chuma ikipata maji itashika kutu. Hata ya kunywa anakunywa kidogo, eti isifike kule chini."

Daktari Mkuu alifungua mifuko. Kidonda cha upasuaji kilikuwa kimelowa jasho na kuanza kuwa chekundu. Kikitunga usaha, alisema, huenda bamba likatolewa na kazi yote ianze upya. "Nani alimwambia afanye hivi?"

"Ni mimi," nikasema, nikaeleza habari ya kutu.

Daktari Mkuu aligeukia dirisha kwa muda, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Mwambie chuma hicho hakishiki kutu. Halafu mwambie aoge. Leo."

Nikamwambia, nikamwomba radhi.

"Petit," Papa akasema, yaani kijana, "mi niko soudeur, nachomelea chuma miaka makumi mbili. Chuma yenye haishike kutu inaitwa inox. Ungesema inox, mi ningeoga."

"Na mi ningelala," akasema Mama Nadine.

Kidonda kilikauka, mfupa ukaunga. Nilimuuliza Daktari Mkuu kama ni kazi ya vitamini.

"Labda zimesaidia. Kwa panya wa maabara tumeona dalili nzuri. Kwa watu bado tunabishana. Andika labda."

Nikaandika labda daftarini, mara mbili, kwa sababu ya kwanza ilipinda.

Niliacha kazi hiyo mwaka jana, nikiwa na miaka ishirini na tisa. Tangu siku ya ile mifuko, sikumruhusu mgonjwa yeyote aondoke kabla hajanieleza kwa maneno yake alichosikia, na neno nisilolijua nilisema silijui.