Margareth na Wanaume Ambao Simu Zao Hujituma Zenyewe

Saa moja asubuhi pikipiki ya Margareth imeshaiacha lami ya Kisarawe, inakata vumbi kuelekea Mzenga. Nyuma ya kiti amefunga mafaili kumi na moja kwa kamba ya mpira. Kazi yake ni kusimamia waliohukumiwa kutumikia adhabu nje ya gereza, Kisarawe na Kibaha. Hawa kumi na mmoja kosa lao ni moja: kujipiga picha za utupu na kuwatumia wanawake kwa simu, bila kuombwa.

"Nina miaka tisa kazini," anasema. "Mwizi wa kuku hukiri siku ya pili. Hawa wa simu utaota mvi."

Isihaka wa Pangani, Kibaha, ameshikilia kuwa simu ilijituma yenyewe.

"Kwa wanawake saba, Isihaka? Mbona haikukosea hata kwa baba mkwe wako?"

"Hata mimi nashangaa, mama."

Eliya, karani, anadai alikuwa anajaribu kamera. Kibwana anajitetea kuwa picha yake ilikuwa na giza, haionekani vizuri.

Leo ni zamu ya Mwinjuma, ambaye adhabu yake ni kufagia gulio la Mzenga. Alimtumia picha Stellamaris, mkunga pekee wa zahanati, siku kumi na mbili mfululizo. Mahakama ilimtia hatiani, lakini yeye ametangazia kijiji kizima kuwa ule ni utani tu: yeye Mzaramo, mkunga Mnyamwezi. Watu wakacheka naye. Stellamaris amesema maneno hayo yasipofutwa kabla mwezi haujaisha, anaondoka, na wajawazito watajua wenyewe pa kwenda.

Margareth anaegesha pikipiki kando ya meza ya mihogo ya Biasha, shangazi yake Mwinjuma.

"Shikamoo, mama afisa," anasema Mwinjuma.

"Marahaba. Mwinjuma, mimi kwetu Tabora. Kumbe na mimi ni mtani wako."

"Tena sana!" Mwinjuma anacheka, ameegemea fagio.

"Na utani hufanywa mbele za watu, hata msibani. Haya, mweleze shangazi yako ile picha ilikuwa ya nini, tucheke wote."

Kicheko kinakatika.

"Sema, mwanangu," anasema Biasha, kisu cha mihogo mkononi. "Mtani kaomba."

"Shangazi, hapa kuna watu!"

"Na ndiyo maana ukanunua laini mpya ya kumtumia," anasema Margareth. "Ili watu wasijue."

Wateja wameshasogea. Waliokuwa wakicheka naye sasa wanamcheka yeye. Mwinjuma anainamisha kichwa.

"Nilijua anakaa peke yake," anasema. "Nilitaka aogope. Haukuwa utani."

Biasha anaweka kisu chini. Hakuna anayecheka tena.

Hiyo ilikuwa Machi. Mwinjuma alimaliza miezi yake minne, sasa analima. Stellamaris bado yupo zahanati, hasalimiani naye. Eliya amekiri. Kibwana angali anazungumzia giza. Isihaka alituma tena, yuko gerezani. Biasha anauza mihogo.

Margareth ameandika ombi kwamba kila mhukumiwa wa aina hii siku ya kwanza aje na shangazi yake. Mkuu wake wa kazi hajajibu.