Mtoto wa Kufungua Boma

Jiwe la mlimani likipigwa nyundo hutoa harufu ya kiberiti kilichowashwa na kuzimwa papo hapo. Wengi hawaijui harufu hiyo, maana siku hizi mawe hukatwa kwa mashine, na mashine hutoa vumbi na makelele tu. Lakini wiki iliyopita jirani yangu hapa Kisumu alileta mzee mmoja mwenye patasi na nyundo amtengenezee ngazi za mbele ya nyumba. Nilikuwa napita na mkate wangu kwapani, nikasimama pale njiani mpaka mzee akaniuliza kama nina shida. Nikamwambia sina. Nilimdanganya, na kudanganya wazee ni tabia niliyoianza nikiwa na miaka kumi.

Baba yangu alikuwa fundi wa mawe. Kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuzifanya ni ile nyumba iliyo juu ya mlima nyuma ya Kisian, ambayo ukija kutoka Busia unaiona kabla hujauona mji. Mwenye nyumba alikuwa na jina la ubatizo na jina la ukoo, lakini sote tulimwita Mzee Mbuta, kwa kuwa utajiri wake ulitoka kwa samaki huyo. Alianza akinunua mbuta ufuoni na kumpeleka sokoni kwa baiskeli. Akaishia na kiwanda cha kugandisha minofu ya kuuzwa ng'ambo, malori ya barafu, na shati jeupe kila siku ya Mungu. Watu walimtania kwamba hata akioga kwa sabuni gani bado paka humfuata. Walimtania akiwa mbali, bila shaka.

Alipoununua mlima ule ulikuwa mwamba na vichaka, mahali pa mbuzi. Aliukata kuwa ngazi tatu kubwa. Ngazi ya chini aliipanda michungwa na kujenga nyumba za wafanyakazi. Ya katikati ilikuwa na bwawa la kuogelea lenye vigae vya buluu, kanisa dogo la watu ishirini na gereji ya magari manne. Ngazi ya juu ndiyo iliyobeba nyumba yenyewe, ghorofa mbili za mawe ya mlima huohuo, paa la vigae vya kijani, na katikati ukumbi wa duara wenye kuba, kwa sababu Mzee alisema alizaliwa katika nyumba ya duara na haoni kwa nini azeekee kwenye pembe.

Sasa sikilizeni kituko cha nyumba ile. Mchoraji ramani alitoka Nairobi, naye alitaka nyumba ilitazame ziwa. Ni nani atakayepanda mlima ule asitake kulitazama ziwa? Lakini kwetu nyumba ya mke wa kwanza hulitazama lango, na barabara ilipandia nyuma, kwa hiyo lango lingekuwa upande wa pili kabisa. Walibishana miezi. Mwishowe ikajengwa nyumba yenye nyuso mbili: nguzo sita upande wa lango na nguzo sita upande wa ziwa, baraza huku na baraza kule, mlango mkubwa wa mbao nzito huku na mwenzake kule. Jioni nyumbani kwetu Mamboleo, tulikokuwa tumepanga vyumba viwili, baba alituchorea ramani ile sakafuni kwa chaki, na mama akalalamika kwamba amechoka kufagia ikulu. Nilizijua ngazi za nyumba ile kabla sijaziona. Watoto wa mafundi hawakuruhusiwa kupita kambi iliyokuwa chini, na baba aliniahidi kunipeleka siku itakapomalizika.

Ujenzi ukiwa umefika kwenye paa, ukuta wa ngazi ya katikati ulianguka. Ukajengwa, ukaanguka tena. Baba alijua sababu: maji ya mvua yalikuwa yakijikusanya nyuma ya ukuta na hayakuachiwa matundu ya kutokea. Akayaacha matundu, na ukuta umesimama hadi leo. Lakini watu walikuwa na sababu yao wenyewe. Walisema Mzee Mbuta amejenga nyumba mahali ambapo hajafungua boma.

Kwetu nyumba ni kitu kimoja na boma, dala, ni kitu kingine. Nyumba unaweza kuipanga, kuinunua, kuijenga popote. Boma hufunguliwa. Mwanamume hutoka katika boma la baba yake siku moja, yeye na mkewe na mtoto wao wa kwanza wa kiume. Kwa ukoo wetu baba hubeba jogoo, mama hubeba moto, na mtoto hubeba shoka. Mkubwa wa ukoo huwaonyesha mahali, kibanda husimamishwa siku hiyohiyo, nao hulala humo. Kuanzia hapo ndipo mtu ana kwake. Asiyefanya hivyo, hata akiwa na mvi, akifa huzikwa katika boma la baba yake.

Mzee Mbuta alikuwa mtu wa kanisa na alijaribu kulipuuza jambo hilo. Lakini wazee wa ukoo wake walikataa kula chakula chake mlimani, na hilo lilimuuma. Akakubali. Tatizo lilikuwa mwanawe wa kwanza, Felix, aliyepelekwa Uingereza kwa shangazi yake akiwa mchanga. Angekuja na ndege Ijumaa. Ijumaa ikafika, na Felix hakufika. Wazee walikuwa njiani tayari.

Wiki hiyo shule zilikuwa zimefungwa. Mama alikuwa amewachukua dada zangu watatu kwenda matangani Ugenya, na baba alikuwa amekwenda Nyakach kwa siku mbili kuchagua mawe ya sakafu, akaniacha na mafundi wenzake kambini. Mzee Mbuta alishuka mwenyewe kwa miguu, shati jeupe likiwa limemgandia mgongoni kwa jasho, akawaambia mafundi waende nyumbani mapema. Kisha akaniona.

"Wewe ni wa fundi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kwenu wewe ndio kijana wa kwanza?"

"Ni mimi peke yangu. Wengine ni wasichana."

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Akanieleza kwamba kuna kazi ndogo ya kubeba kitu na kulala kwenye kibanda, na asubuhi nitaonyeshwa nyumba yote, chumba kwa chumba. Halafu akauliza swali ambalo nimelisikia masikioni maisha yangu yote.

"Lakini baba yako atasema sawa?"

Ningeweza kusema sijui. Huo ndio ulikuwa ukweli. Lakini nilizifikiria zile ngazi za chaki.

"Ameshasema sawa, Mzee. Alisema ukitaka kitu nikusaidie."

Mkewe alinivalisha sweta mpya aliyokuwa amenunuliwa Felix, nayo ilinitosha. Nikapewa shoka. Tulipopita langoni, mzee mmoja mwenye macho yenye ukungu alinishika bega akauliza, "Huyu ndio Felix?" Mzee Mbuta akajibu, "Ndio yeye." Mzee akaniita, "Felix!" Nami nikaitika. Nikabeba shoka lile hadi kwenye kibanda cha mabati kilichokuwa kimesimamishwa kando ya nguzo sita za lango, nikiwa nimevimba kichwa kwa fahari.

Asubuhi nilionyeshwa nyumba. Siwezi kuwadanganya, nilifurahi. Nilikimbia kutoka mlango wa lango hadi mlango wa ziwa na kurudi. Niliita jina langu chini ya kuba, likazunguka na kunirudia. Nilipanda zile ngazi za mawe zilizojipinda bila nguzo ya kuzishikilia, kila jiwe likilala juu ya mwenzake kwa ujanja wa baba yangu, nikapapasa kingo zake na sikuona mahali palipokwaruza. Bafuni kulikuwa na mabomba ya rangi ya dhahabu. Mke wa Mzee alinipa keki na kuniomba nirudishe sweta.

Baba alirudi jioni. Nilimkimbilia nikamwaga yote kwa pumzi moja, ngazi, kuba, keki, shoka. Alikuwa amesimama. Akaketi juu ya jiwe.

"Walikuita nani?"

"Felix."

"Ukaitika?"

"Nikaitika."

Hakunipiga. Hakunigombeza hata. Aliokota nyundo yake akaifuta kwa kiganja, akairudisha kwenye mfuko, akasema twende tukale. Nilidhani mambo yameisha. Hakupanda kumkabili Mzee Mbuta siku ile wala siku nyingine, na kwa miaka nilidhani alimwogopa tajiri. Leo nadhani alijua kwamba angeulizwa, "Si mtoto wako alisema umekubali?" na hakutaka kusimama mbele ya watu aseme mtoto wangu ni mwongo. Aliimaliza nyumba ile, pande zote mbili, kwa uangalifu uleule.

Miaka ikapita. Nikaingia chuo kikuu Maseno, nikajifunza maneno makubwa, nikawa mtu wa kubishana. Baba naye akapata kipande cha shamba chini ya Kisian, mahali pazuri penye mteremko mdogo, akaenda kwa baba mkubwa, kaka yake, amwombe aje amfungulie boma. Baba mkubwa alikuwa amelisikia jambo letu zamani kwa mafundi.

Alimwambia: mtoto hafungui maboma mawili. Lakini alimwonyesha njia, tena nyepesi. Baba na mimi tupande mlimani pamoja na wazee wawili, Mzee Mbuta aseme mbele yao kwamba huyu si mwanangu, nilimwazima, namrudisha. Nami niseme jina langu na la baba yangu. Kuku mmoja achinjwe, tumle sote. Basi.

Baba alinifuata Maseno. Alikuja amevaa koti lake la mazishi na makanisa, viatu vimepigwa rangi, akanikuta na wenzangu watatu kwenye kibanda cha chai. Alingoja waondoke, lakini mimi sikuwaambia waondoke. Akalisema ombi lake hivyohivyo mbele yao, polepole, huku akizungusha kikombe. Mwenzangu mmoja akacheka kidogo. Niliona aibu, na msinisaidie kuitafutia jina zuri.

"Baba," nikasema, "watu wako wapi na sisi tuko wapi? Jenga tu. Wewe ni fundi. Nyumba ni nyumba."

"Nyumba nimejenga mingi, Okoth," alisema.

Akamaliza chai yake, akamshukuru mwenye kibanda, akaenda. Nilimwona akivuka barabara, akitazama kulia na kushoto mara mbili. Nilijiambia nitaenda kumtuliza likizo ikifika. Likizo ikafika, na nyingine, na kila mara palikuwa na sababu. Yeye hakuniomba tena. Aliendelea kukaa katika vyumba vile viwili vya Mamboleo, mtu aliyewajengea wengine kuba na nguzo, mpaka kifua kilipomzidi. Tulimzika katika boma la babu, kando ya nyumba ya baba mkubwa, kama kijana ambaye hajatoka kwa wazazi.

Mzee Mbuta alikuja mazishini. Alikuwa ameshikwa mkono na dereva, amekonda, shati bado jeupe. Felix hakuwahi kurudi isipokuwa mara moja, akapiga picha upande wa ziwa na kuondoka. Mzee alinivuta pembeni.

"Nilikuwa nangoja baba yako aje," aliniambia. "Nilijua hiyo kitu ilimkwamisha. Angekuja tu, mimi ningesema. Hata mbele ya kanisa ningesema."

"Mbona wewe hukuja, Mzee?"

"Niliona haya," alisema. Haya hiyohiyo ndiyo iliyonizuia mimi pia.

Baada ya matanga nilikwenda kulitazama lile shamba. Sikuwa nimewahi kufika. Mama mmoja jirani, aliyekuwa akimlindia baba shamba mbuzi wasiingie, alinipeleka hadi katikati. Kulikuwa na malundo mawili ya mawe. Lundo kubwa, karibu na mahali ambapo nyumba ingekuwa, lilikuwa mawe ghafi kama yalivyotoka machimboni, nyasi zimeota katikati. Lundo dogo lilikuwa upande wa lango, kulia, mahali anapojenga mtoto wa kwanza wa kiume. Mawe yake yote yalikuwa yamechongwa, pembe zimenyooka, yamepangwa safu na kufunikwa kwa gunia.

"Hiyo kubwa alisema itangoja," mama yule alisema. "Hii ndogo ndio alikuwa anakuja kuchonga Jumamosi. Mpaka akiwa mgonjwa. Nikamuuliza, fundi, si uanze na ya kwako? Akacheka tu."

Nilifunua gunia nikapitisha kidole kwenye kingo. Hapakukwaruza popote. Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba alikuja Maseno kuomba msaada wa kuwaridhisha wazee, na kwamba kosa langu lilikuwa kudharau mila. Pale shambani ndipo nilipoelewa alichokuwa akiomba. Aliniomba nipande naye mlima ule, nisimame mbele ya watu, niseme kwamba mimi si Felix, mimi ni wake. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Nilikuwa mtoto wake wa pekee wa kiume, na hakuwa na mwingine wa kumwomba.