Ukuta wa Chini Ulikuwa wa Mjukuu

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuwa Kachibora, nikimuuliza fundi mmoja jinsi anavyorekebisha mashine ya kusaga unga, swali lisilokuwa na faida yoyote kwangu, simu yangu ilipolia. Aliyepiga ni mama mmoja niliyepanga naye ploti moja kule Kipsongo, Kitale, miaka mitano iliyopita. Alisema mume wake ametuacha, na watamzika Ijumaa nyumbani kwao Sirisia. Nilimwachia fundi mashine yake nikaenda kukaa kwenye kibaraza cha duka. Ninyi mnaonisoma mnajua kwamba nimelala katika vyumba vingi vya kupanga, na kwamba majirani wengi nimewasahau hata sura. Huyu mzee sikumsahau. Aliharibu kitu nilichokipenda mbele ya macho ya ploti nzima, na baadaye nikamshukuru.

Mzee alikuwa mpakiaji wa magunia ya mahindi hadi mgongo ulipokataa. Mke wake akawa ndiye anayetoka alfajiri kwenda kuuza mboga, naye akabaki nyumbani na mjukuu wao, msichana wa miaka minne, ambaye mama yake alifanya kazi kwenye shamba la maua na kurudi mwisho wa mwezi tu. Mtoto huyo alikuwa ameangukia jiko la makaa. Vidonda vya mkono wa kulia vilipofunga, ngozi ya kiganja ilianza kuvuta vidole ndani, na muuguzi wa kliniki akamwambia mzee bila kuzunguka: vidole hivi vikunjwe na kukunjuliwa kila siku, la sivyo vitakakamaa hivyo hivyo na mtoto hatashika hata kijiko. Mzee alijaribu. Kila alipougusa ule mkono, mtoto alilia hadi majirani wakatoka nje, kisha akaingia uvunguni mwa kitanda. Aliniambia kwamba amebeba magunia ya kilo tisini nusu ya maisha yake, na hakuna gunia lililomshinda kama vidole vitano vya mtoto.

Nyumba zetu zilikuwa za matope, na mvua kubwa ya mwaka ule ikamomonyoa ukuta wake sehemu ya chini. Kwa watu wa Bungoma, alikotoka mzee, kusiriba ukuta ni kazi ya wanawake, na mwanamume anayepiga magoti na kupaka matope hujua atasemwa. Lakini mke alikuwa sokoni na mbu walikuwa wanaingia, kwa hivyo mzee alikoroga udongo kwenye karai akaanza mwenyewe. Mtoto akatoka uvunguni, akachuchumaa kando yake, na bila kuambiwa akautumbukiza ule mkono wa kulia ndani ya karai. Mzee alijifanya hajaona. Kesho yake alikwenda kumuuliza muuguzi kama kuna madhara. Akaambiwa vidonda vimefunga vizuri, udongo uwe safi, mkono uoshwe kwa sabuni, na ile samadi ya ng'ombe ambayo sisi wote huchanganya aiache kabisa.

Kuanzia hapo ukuta wa chini, hadi usawa wa kifua cha mtoto, ukawa wa mtoto. Mzee alitafuta udongo mwekundu, akachekecha majivu, akatwanga makaa, akaweka rangi hizo tatu kwenye makopo ya siagi. Mvua iliponyesha waliingia ndani wakafinyanga ng'ombe, na mtoto ndiye aliyechomeka miiba ya pembe, kwa sababu mwiba hauchomeki bila kubana vidole viwili. Walisuka maganda ya mahindi yakawa mwanasesere mwenye sketi. Kila Jumamosi walisiriba upya juu ya picha zote za wiki, mtoto akitandaza matope kwa kiganja kilichofunguka, kisha wakaanza tena. Majirani hawakumwacha. Mama mmoja aliyepita na ndoo alimuuliza, "Mzee, tukununulie leso ujifunge kiunoni, ama uko nayo?" Mwingine alitaka kujua yeye aliolewa kwa ng'ombe wangapi. Mzee, bila kuinua kichwa, alisema atakayeleta leso alete na sabuni.

Kosa lililofuata lilikuwa langu. Siku hizo nilikuwa nikimsaidia seremala wa vitanda. Jioni moja nilimkuta mtoto amechora kuku mwenye miguu sita. Nikamuuliza miguu yote hiyo ni ya nini, akaniambia kuku anakimbia. Mimi niliyeacha shule darasa la sita kwa kushindwa kukaa kitako nilisimama pale nikimtazama yule kuku, na kweli alikuwa anakimbia. Nilimsihi mzee asisiribe Jumamosi hiyo. Jumapili nikaja na masalio ya vanishi kutoka kazini, nikampaka kuku hadi akang'aa. Watu walikuja kuona, wakiwemo wale wale wa leso. Nadhani hata mzee mwenyewe sifa zilimkolea kidogo.

Mtoto aliacha kuchora. Alikaa mlangoni ameficha mkono kwapani, na akipewa kaa la kuchorea alisema, "Nitaharibu kuku." Wiki mbili zilipita hivyo, na mimi nikidhani amechoka tu, jinsi watoto wanavyochoka. Siku ya kliniki muuguzi alijaribu kunyoosha kidole cha mwisho na kile kinachokifuata, vyote viwili vikakataa. Mzee alirudi nyumbani, akachukua panga, akamkwangua kuku wangu. Nilipotoka kazini nilikuta vipande vinang'aa chini, na nikapandisha sauti mbele ya ploti nzima. Alinisubiri nimalize.

"Kijana yangu," akasema, "wewe unataka kuku. Mimi nataka mkono."

Kisha akanipa mtungi, akaniambia niende nikalete maji ya kukoroga udongo. Nikaenda.

Tangu wakati ule nimeingia katika nyumba nyingi, Kitale na Bungoma, na ninaona vanishi yangu kila mahali. Mzazi amenunua rangi za penseli, jambo jema, lakini anakaa juu ya mtoto akimwambia kuku ana miguu miwili. Mwingine anamnyang'anya karatasi aimalizie mwenyewe ipendeze, halafu anaipiga picha kuituma kwa kikundi cha simu, na mtoto amekaa pembeni akingoja kazi yake irudishwe. Wengine wanaogopea nguo na sakafu. Siwacheki, kwa maana mimi niliharibu kwa mapenzi, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba ninasaidia.

Ijumaa nilifika Sirisia kabla ya ibada. Nyuma ya nyumba nilimkuta yule msichana, sasa ni mkubwa wa miaka tisa, anamsuka binamu yake nywele ili aende mbele ya watu akiwa nadhifu. Hakunitambua, nami sikujitambulisha. Kidole cha mwisho bado kimepinda na kinasimama pembeni, hakifanyi chochote. Vile vingine vinne vilikuwa vikigawa nywele, vikikaza, vikirudi kuchukua nyingine, haraka kuliko macho yangu yalivyoweza kufuata. Binamu alilalamika kwamba anaumizwa, akaambiwa atulie, mstari ukienda kombo utafumuliwa.

Basi wewe uliye na mtoto mdogo nyumbani, mpe udongo, mpe maganda, mpe makaa na ukuta usio na thamani. Ukitaka kujua kama mchezo umefaulu, usiangalie kilichochorwa. Mwangalie mtoto: je, ananyoosha mkono kuanza kingine? Kama ndiyo, kazi yako ni kuleta maji.