Minazi Kumi na Saba na Ukuta wa Kijani: Mpiga Picha wa Kilindoni Aliyeilaumu Flashi

Saa tatu asubuhi, Kilindoni. Mize Matano anafunga mlango wa studio kwa komeo, anashusha pazia, kisha anamgeukia bibi harusi aliyekaa kwenye kigoda.

"Haya mwanangu, vua buibui. Hapa hapaingii mwanamume."

Kabla hajagusa kamera, anapitisha kiganja kwenye ukuta wa kushoto na kukitazama. Kiganja hakina alama. Ndipo anapowasha flashi.

"Shoga, mbona wakagua ukuta, bibi harusi humtazami?" anauliza somo wa bibi harusi, aliyekuja kumsimamia mwari wake.

"Bibi harusi hana neno. Aliyenitia hasarani ni huyu," anajibu Mize, na kuupiga ukuta kofi.

Mize ana miaka 47. Mabibi harusi wengi wa Kilindoni na Miburani humfuata yeye kwa sababu moja tu: ni mwanamke, na mbele yake waweza kukaa kichwa wazi na hina yako bila wasiwasi. Mwezi wa harusi nyingi hupata kama laki tatu. Mwezi wa Ramadhani, anasema, hupata nauli na chumvi.

Kazi alifundishwa na marehemu Abbas, aliyeifungua studio hii. Mjane wake, Bi Khatija, ndiye mwenye nyumba mpaka leo, na huuza vitambaa duka la pili.

Abbas alimwachia Mize flashi ya Kijerumani iliyofanya kazi zaidi ya miaka ishirini. Watu waliisifu kuliko walivyomsifu mpigaji. "Mume wangu alikuwa akiifunika taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa," anasema Bi Khatija. "Mimi sikuwahi kufunikwa hivyo."

Mwaka juzi flashi hiyo ilitoa moshi, ikafa. Mize akaagiza ya Kichina kutoka Kariakoo, kwa theluthi ya bei.

Wiki hiyohiyo alifanya jambo la pili ambalo hakulitia maanani. Ukuta wa studio ulikuwa wa chokaa ya matumbawe, ile iliyokuwa ikichomwa hapa kisiwani kabla hifadhi ya bahari haijapiga marufuku kuvunja matumbawe. Kaka yake, Mbaraka, alikuwa mmoja wa wachomaji. Chokaa hiyo ilikuwa nyeupe, lakini ilikuwa ikiambukiza nguo.

"Mtu aingia na buibui jeusi, atoka kama kashinda kinuni," anasema Mize. "Kila siku ni kung'utana vumbi na kuombana radhi."

Mbaraka siku hizi hupaka rangi mashua. Alikuwa na kopo la rangi ya mafuta, ya kijani, lililobaki kazini. "Nikaupaka mara mbili, kama ninavyopaka mashua," anasimulia. "Ukang'ara, wallahi, ningeweza kujinyolea ndevu pale."

Picha zikaanza kuharibika. Shavu moja jeupe, la pili limezama gizani na ukijani kwa mbali.

Wa kwanza kusema alikuwa mama yao, Bi Zuena, aliyekuja siku ya Idi na gauni jipya. Aliitazama picha, akairudisha mezani.

"Mwanangu, huyu mgonjwa. Si mimi."

"Ni hii flashi, mama," Mize alimjibu. "Nikipata ya Kijerumani nitakupiga tena."

Bi Zuena alifariki miezi minne baadaye. Mize alirithi sehemu ya shamba la Miburani, yenye minazi kumi na saba.

Wateja wakazidi kupungua. Wengine walisema wazi kwamba simu ya mtoto wao inatoa picha nzuri kuliko studio. Mize akaamua kuuza minazi ile ili anunue flashi ya kiwanda kilekile cha zamani. Mnunuzi akapatikana, wakakubaliana wakutane Ijumaa baada ya sala.

Jumatano, siku mbili kabla, alipita Hafidhi, mpiga picha kutoka Dar es Salaam aliyekuja kwa harusi ya ndugu. Ndani ya begi lake mlikuwa na flashi ya kiwanda kilekile. Mize alipomweleza habari ya shamba, Hafidhi alishtuka.

"Dada, usiuze. Tujaribu kwanza."

"Nilimwona ananidharau," anasema Mize. "Mtu mwenye nayo anakwambia wewe huihitaji!"

Walimkalisha Bi Khatija kigodani. Mwavuli wa taa mmoja, umbali mmoja. Picha ya kwanza kwa flashi ya Kichina, ya pili kwa ya Kijerumani. Kisha Hafidhi akazichanganya kwenye kioo cha kamera, akamuuliza ipi ni ipi.

Bi Khatija alivaa miwani, akatazama, akarudia.

"Zote mbaya," alisema. "Sawasawa."

Mize anakiri kwamba alitamani kulia. Badala yake alileta picha ya zamani ya Bi Khatija, iliyopigwa na Abbas, akaiweka kando ya hizi mpya na kushika kioo cha kukuzia. Aliangalia mashavu, hakuona jipya. Akaangalia macho.

Katika picha mpya, ndani ya kila mboni mlikuwa na kidoa kimoja cha mwanga, cha mwavuli. Katika ile ya zamani vilikuwa viwili: cha mwavuli, na kingine kipana, hafifu, upande wa kushoto.

"Kile kipana nikakijua. Ulikuwa ukuta. Nikageuka kuutazama, huo hapo, wang'aa kama chura."

Ukuta wa chokaa ulikuwa ukiupokea mwanga na kuurudisha taratibu upande wa uso wenye kivuli. Ukuta wa kijani ulirudisha kidogo, na kidogo hicho kilikuwa kijani. Hafidhi hakatai kwamba flashi ya bei ina faida zake: hujichaji haraka, haibadilishi rangi kati ya picha na picha, hudumu. "Lakini ulaini wa uso hauandikwi kwenye kasha," anasema. "Tazama mwavuli wako, tazama kuta zako."

Mize hakungoja ukuta upakwe rangi upya. Alikwenda dukani kwa Bi Khatija, akataka bafta nyeupe, mita tano.

"Innalillahi! Nani kafa?" aliuliza Bi Khatija.

Hakuna aliyekufa. Mize aliitundika ukutani, na mwanga ukarudi vizuri kabisa. Asubuhi yake alifika bibi harusi na shangazi yake. Shangazi alisimama kizingitini.

"Hii si sanda hii? Mwataka kumpiga picha au kumzika?"

Waliondoka hapohapo. Mize anacheka sasa, siku ile hakucheka. Alitaka kuirudisha bafta, Bi Khatija akakataa kuipokea. "Yangu ninayo tayari sandukuni. Inanisubiri mwenyewe."

Ijumaa alimwambia mnunuzi kwamba minazi haiuzwi. Jumamosi Mbaraka alianza kukwangua kijani kwa msasa, siku tatu, kisha akapaka rangi ya maji, nyeupe, isiyoambukiza nguo.

"Nilichoma chokaa, hifadhi wakanikataza," analalamika. "Nimeingia kwenye rangi, dada yangu mwenyewe kanikataza!"

Flashi ni ileile ya Kichina. Wateja wamerudi, ingawa si wote.

Mezani kwa Mize kuna daftari lenye majina arobaini na moja, ya watu wote aliowapiga picha miezi ile ya kijani. Anawaita mmoja mmoja awapige tena bure. Waliokwisha kuja wametiwa alama ya vema: ishirini na tisa. Anataka kuwamaliza wengine kabla ya Maulidi, kisha aanze kuwafundisha kazi mabinti wawili wa Utende walioomba.

Jina la kwanza daftarini ni Zuena. Halina alama.

"Nilimwambia ni flashi," anasema Mize. "Kafa akijua ni flashi." Anafunga daftari. "Wamebaki kumi na mmoja. Hao nitawawahi, inshallah."

Anarudi kwenye kamera. Bibi harusi amekaa, shingo imemkakamaa kwa haya.

"Geuka kidogo, mwanangu," anamwambia. "Hapo. Uelekeze uso ukutani."