Anwani Zilizofunguka Ndani ya Jengo Tu

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa kukagua maneno. Mkuu wangu, mama mtaalamu wa mimea, alikuwa amekusanya kwa miaka mingi majina ya bowa, uyoga unaouzwa kando ya barabara za Lubumbashi mvua zinapoanza, na kuyafanya msamiati ambao kompyuta inaweza kuusoma. Kila uyoga ulikuwa na maelezo yake, jamaa zake, majina yake katika lugha zetu, na anwani yake kwenye intaneti.

Jumatatu moja hifadhi moja ya data ya kimataifa ingeamua kama itaupokea msamiati huo. Ikiukataa, kazi yote ya mama yule ingebaki kwenye kompyuta moja kuukuu ya ofisi, na ingekufa nayo.

Hifadhi ilitaka msamiati uweze kupatikana, kufikiwa, kuunganishwa na mingine, na kutumiwa tena na yeyote kwa ruhusa iliyo wazi. Ijumaa iliyotangulia nilikagua kila neno. Anwani zote zilifunguka. Leseni ilikuwepo. Nikarudia.

"Petit, kijana wangu, acha kuwaza," mkuu alicheka. "Umefungula, imefunguka. Unataka ikuimbie?"

Jumamosi, nyumbani Kampemba, bado niliwaza. Labda zilifunguka kwa sababu nilitamani zifunguke? Niliona aibu kuwaza hivyo, lakini nilichukua simu nikaandika anwani ya ule uyoga mkubwa unaoota kwenye vichuguu. Ukurasa haukuja. Nikajaribu mwingine. Kimya.

Nikampigia mkuu.

"Mama chef, bowa haifunguke."

"Iko réseau yako hiyo, mtandao. Ulinunua mégas za intaneti?"

"Nilinunua. Video zinapita muzuri."

Nilimsikia akibonyeza simu nyingine, kwake Kasungami.

"Ee Mungu wangu," akasema polepole. "Hata huku."

Anwani zetu zote zilielekea kwenye kompyuta ile ya ofisi, ambayo mashine za jengo letu peke yake ndizo zingeweza kuiona. Nasi siku zote tulikagua tukiwa ndani. Tulikuwa tumejenga nyumba yenye milango mizuri isiyofunguka kutoka nje.

Jumapili alitoka misani moja kwa moja hadi ofisini, na kitenge chake cha sikukuu. Tukahamishia maneno kwenye huduma ya bure inayotunza anwani za kudumu. Yeye alikaa kwenye kompyuta, mimi nikasimama langoni na simu.

"Iko?" alipiga kelele dirishani.

"Haiko!"

"Na sasa?"

"Iko! Mama, iko!"

Walinzi walidhani tumeshinda bahati nasibu.

Msamiati ulipokelewa. Wiki chache baadaye nilifungua ukurasa wake nikaona kuwa watu wa ng'ambo ya mpaka, huko Zambia, wameunganisha uyoga wao na ule wetu wa vichuguuni. Kompyuta yao ilikuwa imesoma maelezo yetu na kutambua kwamba ni kitu kilekile, kikiitwa kwa jina jingine. Nilimwita mkuu. Alisogeza kiti, akasoma, akavua miwani.

"Nani aliwaambia?"

"Hakuna muntu, mama. Balikuta mulango wazi."

Alibonyeza jina lile la kigeni, na mbele yetu ukafunguka msamiati wa watu ambao hatujawahi kuwaona. Tukaanza kuusoma, neno kwa neno, vichwa vyetu vikigusana.