Dagaa Ndani ya Sanduku la Dawa

Mama yangu mzazi alitoka Kigoma kwa basi juu ya basi, akavuka mipaka akiwa amekumbatia mzigo wake, akafikia kwa mdogo wangu Editha huku Alexandra, kwa sababu Editha alikuwa amejifungua. Kesho yake akanipigia simu. Hakuuliza habari za asubuhi wala za mume wangu. Alisema tu, "Wajukuu zangu nitaletewa, au nije kuwachukua mwenyewe nikiwa na hasira?"

Ndiyo sababu ya safari hii. Nyie mlioko nyumbani mnadhani safari ni lazima ivuke bahari. Sisi hatukutoka hata nje ya Johannesburg. Tulitoka La Rochelle, kusini mwa mji, tukaenda Alexandra, kaskazini, lakini kwa wanangu hiyo ni safari kamili, yenye maandalizi na dua.

Baraka ana miaka sita, Amani mitatu, na wote wawili wana hemofilia, yaani damu yao haigandi kama ya watu wengine. Mtoto wako akijigonga, atalia, utampuliza, atasahau. Wangu akijigonga, damu inavuja ndani kwa ndani na kiungo kinajaa mpaka apate dawa. Dawa yenyewe nilifundishwa kliniki, nawachoma mwenyewe kwenye mshipa. Goti la kulia la Baraka lilikuwa limeshajaa mara kadhaa, na daktari alinikalisha chini akaniambia wazi kwamba likijaa tena na dawa ikachelewa, mguu ule unaweza usikunjuke tena. Basi nikilala nawaza goti, nikiamka nawaza goti. Haya yote Mama nilimweleza kwa simu, na jibu lake siku zote lilikuwa moja: "Unawadekeza."

Jumamosi asubuhi tulianza kujifunga. Mume wangu, ambaye ni mlinzi, alikuwa zamu, kwa hiyo msafara ulikuwa wangu. Mimi ni fundi cherehani, na suruali zote za wanangu nimezishonea sponji magotini. Sponji napewa na jirani yetu Baba Aline, Mrundi anayeuza magodoro, na siku hiyo yeye ndiye aliyetubeba kwa gari lake maana alikuwa na magodoro ya kupeleka Alexandra. Dawa niliipanga ndani ya sanduku la buluu la kuwekea vitu baridi, lile ambalo wenzangu hubebea bia kwenda kuchoma nyama. Dawa hii inataka ubaridi ila haitaki kuganda, ina madeko kuliko wanangu.

Njiani nilimsimamia Baba Aline kama askari wa barabarani. Kila tulipokaribia roboti, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huku, nilimwambia apunguze mwendo hata kama imewaka kijani. Nyuma yetu teksi zilipiga honi na dereva mmoja akatuonyesha ishara ambayo siwezi kuiandika.

"Bon, Mama Baraka," Baba Aline alisema, akianza na Kifaransa chake kama kawaida, "mimi hata mayai siyabebi hivi."

"Mayai yakipasuka utanunua mengine. Endesha."

Akaendesha polepole mpaka Alexandra. Wanangu walikaa kiti cha nyuma, kila mmoja amezungushiwa mabaki ya magodoro, wanacheka kwa Kizulu. Nadhani walikuwa wananicheka mimi.

Kwa Editha palikuwa na vyumba viwili na uga wa saruji wanaoutumia na wapangaji wengine. Amani alimkimbilia bibi yake akiita, "Gogo!" kama watoto wa huku wanavyowaita bibi zao. Mama akanigeukia. "Nimesafiri mwili mzima umekufa ganzi, nije kuitwa kipande cha mti?" Nilimweleza kwamba ni Kizulu na ni heshima. Akasema heshima hiyo ina kasoro, kisha akamkumbatia mtoto kwa muda mrefu sana, nami nikaangalia pembeni machozi yasinitoke.

Sanduku alilipokea kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopokewa mzigo kwetu, akaingia nalo jikoni. Nilitaka kulifuata. Wakati huo huo Editha akaniwekea kichanga mikononi, na mtu aliyepewa kichanga hana tena macho ya kitu kingine.

Mchana tulikula ugali na migebuka, samaki wa ziwa letu, ambayo Mama alitoka nayo nyumbani, sijui aliipitisha vipi mpakani na harufu ile. Baada ya kula aliwaita wajukuu, akawavua suruali zangu za sponji, akazibonyezabonyeza. "Huyu anakwenda shule au anakwenda vitani?" Akawavalisha kaptula mpya za kitenge alizoshonesha Kigoma. Nikafungua mdomo kupinga. Nikamwona jinsi anavyowatazama, nikaufunga. Nilijiambia kaptula ni saa moja tu, watapiga picha, basi.

Haukupita muda. Watoto wa uga walikuwa na mpira, Baraka akafunga goli, na badala ya kushangilia kama mtoto mwenye akili, akashangilia kama wachezaji anaowaona kwenye televisheni. Alikimbia, akapiga magoti, akateleza kwa magoti yote mawili juu ya saruji. Uga mzima ulimpigia makofi. Mimi nilipiga yowe.

Alinyanyuka anacheka. Baadaye kidogo kicheko kikapungua. "Eish, Mama," alisema akishika goti la kulia, "linachemka ndani." Hiyo ndiyo lugha yake ya damu kuvuja. Nikaligusa, lilikuwa la moto na limeanza kujaa.

"Maji ya moto," Mama aliamuru. "Leteni beseni na kitambaa nimkande, halafu nimpake mawese."

"Mama, hakandwi. Ukimkanda unaongeza damu."

"Nyie wote niliwakanda."

"Sisi damu yetu inaganda. Editha, niletee sanduku langu la buluu."

Sanduku lilikuja limefungwa kwa upande wa kanga, fundo zuri kabisa. Nililifungua haraka, nikaingiza mkono, nikatoa dagaa. Nikaingiza tena, dagaa. Chini yake kulikuwa na chupa ya mawese, na chini ya mawese dagaa wengine. Dawa hapakuwa hata na kivuli chake.

"Mama, vile vichupa viko wapi?"

"Vipo friza, chini ya kuku. Nilidhani ni arki za keki." Aliniangalia kama mimi ndiye nimekosa adabu. "Ulitaka nikurudishie chombo kitupu? Nimekulea hivyo?"

Nikakimbilia friza. Vichupa vya maji ya kuchanganyia vilikuwa vimeganda na kimoja kimepasuka. Dawa iliyoganda haichomwi kwa mtu. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Niliona mguu wa mwanangu umekauka umenyooka, namwona anaenda nao shule, namwona anaoa nao.

Editha ndiye aliyenisukuma. "Dada, hospitali. Utakaa hapo ulie ukirudi."

Baba Aline alikuwa ameshashusha magodoro na kurudi kutuchukua. Tulimwachia Editha Amani, tukamlaza Baraka kiti cha nyuma, mguu juu ya sponji. Kwa kuwa goti linatakiwa libaki baridi na barafu ya sanduku Mama aliimwaga, nilichukua kuku mzima wa friza, nikamfunga kwa kanga, nikamweka juu ya goti. Mama akaingia bila kuitwa, na sanduku la dagaa mapajani, akamshika kuku asidondoke.

Njia ile ya hospitali Baba Aline aliendesha kama alikuwa ameisubiri maisha yake yote. "Mwendo sawa, Mama Baraka?"

"Ongeza."

"Bon."

Hospitalini, kule tunakohudhuria kliniki, nesi wa zamu alimfahamu Baraka. Aliangalia kuku, akaangalia goti, akanusa hewa, akauliza kama tumekuja kupika. Lakini mikono yake haikusimama. Dawa ikachanganywa, mshipa ukapatikana, Baraka akanyoosha mkono mwenyewe na kumwambia bibi yake kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Gogo, usiogope, inauma kidogo tu." Mama alikuwa ameushika ukuta.

Jioni daktari alilipima goti, akalikunja taratibu, likakunjika. Alisema tumewahi, ila apumzike siku kadhaa na kaptula zisubiri. Nililia basi, kwa sauti, bila aibu, nimekumbatia yule kuku.

Mama hakulia. Alinivuta mkono. "Mwulize mganga wako. Mwenye ugonjwa huu aking'olewa jino, na dawa hii hana, inakuwaje?"

Nilidhani anaulizia jino la Baraka linalotikisika. Nikatafsiri. Daktari alijibu kwamba bila dawa damu inaweza kutoka siku nyingi isikatike, na mtu akapotea. Akauliza kama kuna ndugu wa upande wangu yaliyomkuta hayo, maana ugonjwa huu aghalabu hupitia kwa akina mama. Nikasema hapana. Mama akaniomba nitafsiri jibu langu. Nilipomtafsiria akaanza kukaza fundo la sanduku ambalo halikuwa limelegea.

Tulirudi La Rochelle giza likianza, Mama akiwa nasi, Amani tutamfuata kesho. Nimejifunza kwamba mzigo wa dawa haukabidhiwi mtu, hata aliyekuzaa, na sanduku sasa nimeliandika pande zote. Nimejifunza pia kwamba kumweleza mtu ugonjwa kwa simu si kumweleza.

Baraka alikuwa amelala, kichwa mapajani mwa bibi yake. Tukiwa karibu na nyumbani Mama alisema, "Kaka yangu Petro aling'olewa jino. Alitoka damu mpaka akaisha. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Uliniambia alirogwa."

"Tulisema aliyemroga ni yule mama wa nyumba ya pili. Hatukula kwake, hatukumzika mumewe. Watoto wake tuliwakataza ninyi msicheze nao."

Baba Aline alipunguza mwendo bila kuambiwa.

"Yule mama bado yu hai?" nikauliza.

"Yu hai. Macho ndiyo yamekufa." Alimfunika Baraka mguu. "Kesho unipeleke nikamnunulie kitenge. Kiwe kizito, akishika ajue ni kizuri."