Siku Niliyosema Nilijifunza Mwenyewe

Habari za maonyesho yangu ya kwanza sikumpigia baba simu. Nilimpelekea mwenyewe. Nilipanda basi dogo kutoka Bagira, ninakoishi, hadi Kavumu, kisha pikipiki mpaka Lwiro, nikamkuta ameketi mbele ya nyumba akichambua maharage na mdogo wangu wa kike, aliyebaki akimtunza tangu mama alipofariki.

"Papa, bamekubali matablo yangu," nilimwambia. "Kumi na mbili. Batayaweka kwa ukuta kule mujini, watu bakuje kuangalia."

"Wataingia bure?"

"Bure, papa."

"Basi hata mimi nitaingia," akasema, na akacheka mpaka maharage yakamwagika.

Alikuja kweli, amevaa koti lake la Pasaka. Wageni wengine walisimama mbali kidogo na picha, kama watu wa mjini wanavyofanya. Baba alizikaribia mpaka pua ikakaribia kugusa rangi, akaangalia pembe moja, akahamia nyingine, taratibu. Nakumbuka niliona haya. Nilijifanya ninaongea na mtu mlangoni ili nisisimame karibu naye.

Ndivyo alivyozoea kuangalia vitu. Katika ujana wake alimfanyia kazi mzungu mmoja mzee aliyekusanya mimea ya milima yetu ili aandike kitabu chake mwenyewe. Baba ndiye aliyechora majani yote, kwa wino mweusi na kalamu ya chuma, jicho moja kwenye lenzi. Kitabu kilipochapishwa huko Ulaya, nakala moja ilitufikia. Michoro ilikuwa yake, ukurasa baada ya ukurasa. Jina lake halikuwamo popote. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Alikifunga kitabu kwa kitambaa, akakiweka kabatini chini ya mashuka.

Mimi, binti yake, alianza kunifundisha nikiwa na miaka saba. Aliweka jani la mparachichi mezani, akasema, "Hesabu kwanza." Nilihesabu mishipa upande wa kushoto, kisha wa kulia, ndipo nikaruhusiwa kushika penseli. Nikikosa mshipa mmoja, alinirudishia karatasi bila neno. Siku moja alinipa jani lililoliwa na mdudu. Nililiziba lile tundu ili picha ipendeze.

"Mududu alikula hapa," akasema, akiweka ukucha kwenye mchoro wangu. "Wewe ni nani wa kurudishia muti kitu kilishakuliwa?"

Nikafuta, nikachora tundu. Ilichukua mchana mzima, maana kingo za tundu zilikuwa ngumu kuliko jani lenyewe.

Nilipokua nilianza kuchora wanawake wanaopandisha mizigo kwenye vilima vya Bukavu. Niliwachora na vitenge vyao jinsi vilivyo, kila mpasuko mahali pake, kila uzi uliotoka. Mama mmoja mwenye nyumba ya maonyesho huko Goma alizipenda picha hizo. Tulizivusha ziwa kwa boti, zimefungwa mablanketi. Aliniuliza nilisomea wapi uchoraji. Nilimjibu kwamba sikusoma shule yoyote ya sanaa, na hilo lilikuwa kweli. Alifurahi. Kwenye karatasi ya mlangoni akaandika kwa Kifaransa kwamba mimi ni mtu aliyejifundisha mwenyewe.

Niliisoma ile karatasi. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, ningeweza kurekebisha. Lakini maneno yale yalinipendeza. Yalinifanya nionekane kama kitu kilichoota chenyewe juu ya jiwe. Kigali waliponialika, waliyanakili vilevile, nami sikusema kitu.

Baada ya Kigali, redio moja ya mjini iliniita kuzungumza. Nilimpigia baba siku mbili kabla. "Musikose, papa. Saa kumi kamili."

"Nitaita majirani," akasema.

Mtangazaji alikuwa kijana mchangamfu aliyekuwa amezisoma habari zangu. Tulizungumza juu ya Goma, juu ya Kigali, juu ya barua niliyopata kutoka Kinshasa. Kisha akauliza, "Watu wanasifu sana ile mipasuko ya vitenge. Nani alikufundisha kuona hivyo?"

Kipaza sauti kilikuwa mbele yangu. Nilikuwa na jibu, lilikuwa Lwiro linanisikiliza. Nikafikiria mzee wa koti la Pasaka na pua yake kwenye rangi, nikafikiria karatasi zote zilizokwisha kuandikwa, nikasema, "Hakuna mtu. Nilijifunza mimi mwenyewe."

"Mwenyewe kabisa?"

"Kabisa."

Nilitoka nje. Nilimpigia baba palepale barabarani.

"Mulisikia, papa?"

"Tulisikia mwanzo. Kisha pile za redio zikaisha, mama. Mwisho ulitupita."

Namshukuru Mungu betri zilikwisha, nilisema moyoni. Ndivyo nilivyosema hasa, na sijapata kujisamehe shukrani ile.

Miaka iliyofuata kazi ilikua. Kinshasa walininunulia picha mbili. Nairobi waliniweka pamoja na wachoraji watano wa nchi nyingine. Kila habari nilimpelekea baba, lakini sasa kwa simu ya mdogo wangu: picha moja, maneno mawili, alama ya moyo. Nilisema barabara ni mbaya, nilisema nina kazi. Baba alijibu kila mara kupitia mdogo wangu: "Papa anasema ni vizuri." Macho yake yalianza kuingia ukungu, nami sikujua, kwa sababu ukungu hausikiki kwenye simu.

Ni mdogo wangu aliyeniambia ukweli. Alikuja Bagira kuuza maparachichi, nikamwonyesha mwaliko uliotoka Ubelgiji. Aliusoma mpaka mwisho, akaona yale maneno ya Kifaransa, akaurudisha mezani.

"Dada, ile siku ya redio, pile zilikuwa mupya. Mimi njo nilizinunua asubuhi."

Sikuelewa mara moja. Akaeleza. Majirani sita walikuwa wamekaa uani, katekista akiwa mmoja wao. Baba alikuwa ameweka redio juu ya kiti, na kando yake kile kitabu, kimefunguliwa kitambaa chake, kwa sababu alitegemea nitamtaja. Nilipoanza kusema hakuna mtu, alinyoosha mkono akaizima. Akawaambia watu pile zimeisha. Kisha akakifunga kitabu, akakirudisha ndani.

"Na wewe ulinyamaza miaka yote hii?"

"Alinikataza. Alisema utaona haya."

Kesho yake nilikwenda Lwiro. Baba aliijua hatua yangu kabla sijafika karibu, lakini uso wake aliugeuzia mlango ambao sikuwamo. Hapo ndipo nilipojua kwamba haoni tena. Nilipiga magoti nikashika mikono yake.

"Papa, mulinifundisha. Nilidanganya kwa redio. Munisamehe."

"Nilishakusamehe ile ile siku," akasema. "Nilifikiri: mutoto ameona baba yake hakuandikwa kwa kitabu, ameogopa asikuje akakosa kuandikwa naye pia. Makosa ni yangu pia. Ningelidai jina langu."

"Hapana, papa."

"Tuache." Kisha akauliza, kama mtu anayeomba maji, "Lakini wale majirani, wao wataambiwa na nani?"

Nilimwahidi nitarudi redioni. Sikuweza. Kipindi kile kilikuwa kimekufa tangu vita vilipoingia mjini, mtangazaji alikuwa ameondoka, na hakuna aliyejua aliko. Basi nikapita nyumba kwa nyumba. Katekista alikuwa amezikwa. Jirani mmoja alikuwa amekimbia na wanawe, wawili walikuwa wamehamia mjini. Nilibakiwa na watu wawili, na kwa mmoja wao sina hakika kama alikumbuka siku yenyewe. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo yake. Alinisikiliza akiegemea jembe.

"Tulijuaka, mama," akasema. "Redio ikikosa pile inaanza kulia polepole, sauti inazama. Ile ilikatika katikati ya neno. Na mukono wake tuliuona."

"Kwa nini hamukumwambia?"

"Tungemwambia nini? Tulisema, pole muzee, pile za siku hizi ni mbaya. Tukaenda kwetu."

Jambo hilo sijamwambia baba. Anaamini mpaka leo kwamba aliuficha uongo wangu mbele yao, na kwamba hakuna aliyejua. Ningelimwambia, ningelimnyang'anya hata hicho.

Nilipopeleka picha zangu Kigali mara ya pili, niliandika maelezo ya mlangoni kwa mkono wangu. Niliandika jina lake lote, na kwamba ndiye mwalimu wangu wa kwanza na wa pekee. Sikuthubutu kumpelekea baba mwenyewe; mpaka ulikuwa na shida zake, nami nilikuwa na shida zangu. Niliyatuma kwa simu, mdogo wangu akamsomea.

Alinipigia jioni ya ufunguzi. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu walioshika glasi, wakinipa pongezi.

"Nilimusomea mara mbili," mdogo wangu akasema. "Mara ya pili ni yeye aliomba. Alitaka kusikia jina."

"Akasema nini?"

"Aliuliza kama limeandikwa kwa herufi kubwa ao ndogo. Nikamuambia kubwa. Akasema ni vizuri, halafu akalala."

Mtu akanigusa bega, alitaka tupige picha naye. Nilitabasamu kama alivyotaka. Nilikuwa na ukuta mzima uliojaa kazi zangu, na mtu pekee ambaye angeziangalia kwa ukaribu uliozistahili alikuwa kitandani Lwiro, macho yamefungwa na hata yakifunguliwa hayaoni.